Miche sita imekauka, na mama mkwe anasema ni mkono wa mwanamke

Mjomba hujambo,

Naomba unisaidie kabla sijaachana na hii mambo yote. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nakuru pande za Kiamunyi, nauza mitumba. Bwanangu kwao ni Khwisero kule Kakamega na baba yake alipofariki ndugu waligawana shamba, sisi tukapata kama nusu eka hapo kando ya boma ya mama. Shamba limeteremka, juu ni udongo mwekundu, chini karibu na kijito ni mweusi ule wa kunata kwa gambuti. Mwaka jana nilimtembelea rafiki yangu huko Bahati nikapata ana kashamba kadogo ka matunda ya kila aina, avokado, matunda damu, ndimu, pasheni kwa fensi, hata matufaha, na hanyunyizi dawa yoyote ya duka, anasema ni oganiki. Nilikula pasheni mbili hapo hapo nimesimama nikasema hii kitu lazima nianze nyumbani.

Basi zamu yangu ya chama ilipofika nikapata elfu 30. Nikanunua miche 40 ya avokado ya Hass kwa jamaa anayeuza kando ya barabara, 150 kila moja, akaniapia ni ya kupandikizwa na itazaa mwaka wa kwanza, nikaongeza na tufaha 5 za aina ya Anna juu rafiki yangu anazo. Nikabeba na matatu mpaka Khwisero, vile makanga alinitoza hata sitaki kukumbuka. Mwezi wa kumi nikapanda avokado 11 za kwanza na mikono yangu, mama mkwe amesimama kwa mlango ananiangalia tu. Nilipanda 6 kule chini juu ni karibu na maji, 5 huku juu.

Nimerudi juzi napata zote 6 za chini ziligeuka njano halafu zikakauka, na huku juu moja imeliwa na mbuzi. Mama mkwe hakunigombeza, alisema tu polepole, "Si nilikuambia, kwetu mwanamke hapandi mti." Majirani nao wameshaipata hiyo stori. Yeye angetaka turudishe mahindi. Shemeji yangu anasema ni ugonjwa, ninunue dawa nipige, eti oganiki ni ya watu wenye pesa. Bwanangu yuko katikati hasemi kitu, ukimuuliza anaangalia simu.

Niko na miche 29 bado kwa karatasi za plastiki chini ya mwembe wa mama, tufaha nazo zimesimama tu hazikui, na pesa imebaki elfu 18. Mvua ya mwezi wa tatu inakaribia. Mjomba, ni kweli hii oganiki haiwezekani huko kwetu? Nianze wapi, nipande nini, cheti inatakikana ama haitakikani? Na hii maneno ya mkono nifanye nayo nini, kwa sababu sitaki kukosana na mama, ni mtu mzuri sana.

Mama Junior, Nakuru

*

Mama Junior, pole binti yangu.

Wacha nianze na hilo la mkono kwa sababu naona ndilo linakunyima usingizi kuliko hata hiyo miche. Mama mkwe hakulitunga siku hiyo. Huku kwetu Kakamega na Vihiga wazee walisema kabisa kwamba mwanamke akipanda mti atakuwa tasa ama bwanake atakufa, nyanya yangu mwenyewe alikuwa akitwambia, na alikuwa akitwambia akiwa amekaa chini ya mti wa mapera ambao kila mtu alijua nani aliupanda usiku. Ukilichunguza hilo neno utaona lilikuwa neno la shamba. Mahindi yanavunwa yanaisha, lakini mti unasimama miaka mingi ukisema hapa ni kwa fulani, na shamba lilikuwa la ukoo wa bwana, basi mwanamke akawekewa mwiko asije akajiwekea alama. Kwa hivyo mama akisema hivyo huenda hata si uchawi anaogopa, anaogopa ugomvi wa mpaka, na nyinyi mmegawana juzi tu.

Dawa ya hapo ni bwanako aweke simu mfukoni. Aende na ndugu zake na mama waonyeshane mpaka mchana kweupe, halafu yeye mwenyewe ashike jembe apande mti wa kwanza mama akiona. Mkono wako hauna kasoro yoyote, ni vile tu shemeji akishaona kakake amepanda, kesho hakuna mtu wa kuja kusema hiyo miti ilipandwa bila wenyewe kujua. Ukitoka hapo panda mpaka uchoke.

Sasa tuje kwa wafu. Soma tena barua yako. Miche 6 ya chini yote imekufa, 5 ya juu imesimama ukiondoa wa mbuzi, na yote ulipanda wewe, kwa mikono hiyo hiyo. Kama ni mkono si ungeua na ya juu?

Kilichoiua ni maji. Avokado haivumilii maji yaliyotuama, na kuna ugonjwa wa kuoza mizizi unaoishi kwa udongo ambao ukipata maji yametulia unafurahi sana. Ile mizizi myembamba ya kunyonya inakuwa nyeusi na kukatikakatika, majani yanakuwa madogo, njano, mti unanyauka kama wenye kiu kumbe umesimama ndani ya maji, na mwenyewe akiona umenyauka anakimbia kuongeza mtungi mwingine. Chimbua mmoja uliokauka uangalie, utaona hiyo mizizi inachunika kama ganda la maharagwe yaliyolowekwa. Shemeji asikupotezee pesa, hakuna dawa ya kupiga majani itakayokausha shimo la udongo mweusi. Na usirudishe avokado nyingine kwa hayo mashimo 6, hata usijaribu moja. Mimi nilipostaafu nilipoteza 17 kwa njia hiyo hiyo, na nilikuwa nimefundisha watu hiyo kazi miaka yote, kwa hivyo usijione mjinga peke yako.

Kabla ya kununua chochote fanya hivi. Chimba shimo la futi mbili sehemu ya juu, lingine katikati, lingine chini. Jioni jaza maji, yakiisha jaza tena, uende ulale. Asubuhi angalia. Shimo lililokauka, hapo avokado ataishi. Lililobaki na maji chini, hapo sahau avokado, na pale ambapo utakuta maji yamesimama tu yanakuangalia, panda nduma na uache mambo ya kushindana na kijito. Hilo jaribio ni la bure na lingekuokolea nauli ya makanga.

Halafu hiyo miche 29. Ukienda beba wembe. Chukua mmoja, ulaze, pasua karatasi kutoka chini kwenda juu na ufungue udongo taratibu na vidole. Unaangalia mzizi mkuu. Kama umeshuka wima na pembeni kuna mizizi myeupe myeupe ya ncha laini, huo ni mche. Kama umefika chini ya karatasi ukajikunja na kuzunguka kama mkia wa nguruwe, huo umekaa kwa karatasi muda mrefu na hata ukipandwa utaendelea kujinyonga huko chini, miaka mitatu baadaye unashangaa mbona mti hausongi mbele. Kisha sogea juu kidogo uangalie pale tawi la Hass lilipounganishwa na shina la kienyeji. Panatakiwa pawe na kovu, aina ya V au mkato wa kuingiliana, juu kidogo ya udongo, na kama ile plastiki ya kufungia bado iko, toa leo, maana inakaba shingo ya mti. Kama hakuna kovu kabisa, jamaa wako alikuuzia avokado ya mbegu kwa bei ya Hass. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu vunja, hilo ni la shina la kienyeji. Siku nyingine nunua kwa kitalu kilichosajiliwa na kukaguliwa, uliza karatasi zao, mwenye nazo hachukii kuulizwa. Na avokado ya kupandikizwa inaweza kutoa maua ikiwa ndogo hivi, hiyo ndiyo "kuzaa mwaka wa kwanza" ambayo aliapia. Hayo maua unayatoa. Mavuno ya kuhesabu ni kuanzia mwaka wa tatu kwenda.

Tukija kwa hesabu sasa. Nusu eka ni kama mita mraba 2,000. Avokado inataka mita 7 kwa 7, hiyo ni mita mraba 49 kila mti, ukigawanya unapata miti 40 na kidogo. Yaani ulinunua miche ya kufunika shamba lote mpaka kwa mlango wa mama, hakuna ndizi, hakuna limau, hakuna mahali pa kupitia. Sasa si ndio maana anataka mahindi? Wewe ulikuwa umesema mchanganyiko, ukanunua aina moja. Chagua 10 iliyo bora kati ya hiyo 29, ukiongeza na 4 iliyosimama tayari una 14, na hiyo inatosha kabisa kwa mtu anayeishi Nakuru. Tafuta avokado za aina ya Fuerte, moja ama mbili, uweke katikati, kwa sababu Hass na Fuerte maua yao hayafunguki upande wa kike na wa kiume kwa saa moja, yanapishana, nyuki wakipita hapo wanafanya kazi nzuri zaidi. Inayobaki uza ama ugawie wale majirani wa stori, mtu akipanda mche wako kwake atapunguza kusema.

Tufaha rudisha Bahati. Nakuru mjini iko kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari na Bahati kuna baridi, kwenu ni karibu 1,500 na joto lake unalijua. Anna haiombi baridi nyingi kama tufaha za Ulaya lakini inaomba kidogo, na hapo Khwisero sitaki kukudanganya. Kosa la watu wengi ni hilo la kuona kitu kimefanya vizuri kwa rafiki na kukipeleka kwao bila kuuliza huko kwake kukoje. Ya kwenu ni mengine na ni mazuri. Ndizi zinapenda hapo. Mapaipai yanapenda hapo. Fenesi moja pembeni itakushinda kula. Limau mbili, mapera mawili, pasheni kwa fensi kama majaribio tu juu magonjwa yake ni mengi na hiyo sitaki uikimbilie. Mwembe mnao tayari, mvua yenu ikikuta maua inayaharibu na madoa meusi, kwa hivyo sioni haja ya kuongeza.

Ndizi nikae nazo kidogo. Usichukue machipukizi kwa jirani hata kama ni ya bure, yanakuja na fukusi na minyoo ya mizizi, na Magharibi tuna ule mnyauko wa bakteria ulioripotiwa Kenya mwaka 2006, unaingia migomba ikikatwa na panga moja shamba kwa shamba. Utaujua ndizi zikiiva kabla ya wakati na ukizikata ndani ni kahawia, na shina likikatwa linatoa kitu kama usaha wa njano. Nunua sita za maabara, zile za tishu, uweke katikati ya mteremko. Zikishamaliza kutoa chane, lile ua linaloning'inia usilikate na panga, chukua mti mrefu wenye panda mbele, ushike kikonyo upinde mpaka kivunjike. Wadudu wanaobeba ule ugonjwa wanapitia hapo kwa ua. Hakuna chupa ya dawa inashinda hiyo fimbo, na hiyo ndiyo oganiki yenyewe ambayo shemeji anasema ni ya wenye pesa.

Kupanda subiri mvua ishike vizuri, ile ya kulowesha udongo kwenda chini, usiende na mawingu ya kwanza. Mashimo yachimbwe sasa, futi mbili kila upande, udongo wa juu weka kushoto, wa chini kulia, na usije ukachanganya. Ule wa juu changanya na debe moja ama mbili za samadi iliyooza kabisa, isiyonuka, ambayo ukishika haichomi mkono, halafu huo ndio unarudisha kwanza. Samadi mbichi inachoma mizizi na kuita mchwa. Funika na nyasi kavu lakini uache nafasi ya kiganja kuzunguka shina, ukiegemeza nyasi kwa shina umewatandikia mchwa mkeka, na ukimwaga jivu la jikoni hapo karibu watasumbuka kidogo. Halafu yale maua ya manjano machungu, tithonia, yanayoota kando ya kila barabara huko kwenu mpaka watu wanayafyeka, hiyo ni mbolea imesimama. Majani yake yakikauka yana naitrojeni, ile ya kukuza majani, kama asilimia 3.5, watafiti waliofanya kazi Maseno na kwingine Magharibi waliyapima sana. Katakata majani na matawi laini, mengine tupa kwa shimo, mengine loweka kwa pipa wiki mbili, uchanganye na maji mpaka iwe rangi ya strungi nyepesi, umwagie miti. Itanuka, mwambie mama mapema.

Mahindi ya mama yabaki. Kati ya mistari ya avokado kuna mita 7 tupu na miti bado inafika kiunoni, utaacha hapo pamee magugu? Mahindi yakae mita moja na zaidi kutoka kwa mche yasiufunike, na maharagwe yaingie katikati yake, yanarudisha naitrojeni. Mapaipai nayo yaweke katikati ya avokado, yanaanza kuzaa kabla hata ya mwaka ama mwaka ukiisha, na avokado zikikutana majani, mapaipai yatakuwa yamechoka. Panda matatu kila shimo, yakitoa maua utaona dume, maua yake yananing'inia kwa vikonyo virefu, hayo ng'oa uache moja tu kwa kila kumi ama ishirini. Na hayo mapaipai na ndizi yawe ya mama, namaanisha yake kabisa, auze atie pesa kwa leso yake. Wewe uko Nakuru na mitumba, nani atafukuza mbuzi saa nane mchana? Hiyo elfu 18, kitu cha kwanza ni fensi ya hao mbuzi, halafu samadi, halafu ndizi, na elfu tano usiiguse, kiangazi cha Desemba na Januari kitakuja miche ikiwa bado midogo na itabidi umlipe kijana wa kuteka maji.

Cheti usiikimbilie. Sokoni Luanda pale Vihiga hakuna mtu atakuuliza cheti, atabonyeza avokado tu. Alama ya Afrika Mashariki ya kilimo hai ipo, inaitwa Kilimohai, ilianza 2007, na wakulima wadogo wanaweza kuipata wakiwa kikundi kinachokaguana chenyewe kwa chenyewe, mtandao wa kilimo hai wa hapa Kenya, KOAN, ndio wa kuuliza. Lakini nunua daftari leo. Andika tarehe ya kupanda, samadi ilitoka wapi, kama jirani alipiga dawa ya magugu na upepo ukaleta upande wako. Siku mtakapokuwa watu kumi wenye madaftari mtaongea na mtu yeyote. Ukinunua samadi ya kuku wa nyama, uliza wamelishwa nini, wengine wamejaa madawa.

Na huo mwembe ambao miche imepumzika chini yake, najua bila kuona kwamba maembe yaliyoanguka yanaozea hapo. Ndani yake kuna funza wa inzi wa matunda, yule mkali kutoka Asia aliyeonekana Kenya mara ya kwanza 2003, na akishamaliza maembe atahamia mapera na vingine vyako. Okota maembe hayo kila siku mbili tatu na uyazike futi mbili chini, ama tia kwa karatasi nyeusi ya plastiki ufunge kabisa uweke juani mpaka funza wafe. Watoto wakifunga shule hiyo ndiyo kazi yao. Mitego ya kunasa wale dume iko kwa maduka ya kilimo lakini mitego bila kuokota ni kufagia upepo ukivuma.

Ukienda Khwisero safari hii usianze na jembe. Kaa na mama jioni mkichambua maharagwe, umuulize maji ya mvua kubwa hupita wapi, yanatuama wapi, na kule chini alikuwa akipanda nini zamani kabla ya mahindi. Siku ile alisimama mlangoni akikuangalia ukichimba kule kwa kijito, na nina shaka kama ni mkono peke yake alikuwa akiufikiria. Akisema nduma, unitumie nyingine na makanga.

Mjomba